Trei ya Herufi Tisa

Saa mbili na robo asubuhi trei ilikuwa juu ya meza ya kulia, na ndani yake herufi tisa: A, C, E, E, G, N, R, R, T. Mzee hakuziacha katika mpango huo. Yeye alikuwa ameziacha shaghalabaghala, kama ilivyo desturi yake. Aliyezipanga kwa alfabeti ni mke wa mwanawe, na alifanya hivyo baada ya kuishiwa na njia nyingine zote.

Fumbo la Herufi Tisa lilitoka gazetini kila siku isipokuwa Jumapili. Msomaji hupewa herufi tisa, akatafuta humo maneno ya Kiingereza kadiri awezavyo, na mwisho kabisa neno moja linalozimaliza zote. Mzee alikuwa akilitunga tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alifundisha Kiingereza hadi akastaafu, na pale gazetini walimwita Kamusi, wengine bila kujua kwamba ana jina jingine. Alitunga kwa mkono. Huandika neno mezani kwa vibao vidogo vya mbao, huvivuruga kwa kiganja, kisha huviokota kimoja kimoja na kuvitia kwenye vijumba tisa vya trei. Jibu hakuliandika popote. Lilikaa kichwani.

Mke wa mwanawe alikuwa msahihishaji katika gazeti hilohilo, zamu ya jioni, na hapo nyumbani ndiye aliyekuwa mpimaji. Cheo hicho hakukiomba. Wiki ya kwanza ya ndoa, badala ya kumchunguza kama wakwe wengine wanavyochunguza, mzee alimsogezea trei na kusema, "Tafuta." Alilipata neno kabla chai haijapoa. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya nyumba: mzee anatunga jioni, mkwe anapima asubuhi, na mpimaji hapewi jibu. Akilipata, fumbo linakwenda gazetini. Hakuwahi kulikosa.

Leo alikuwa amepata "great", "grant", "crater", "career", "nectar", "garnet" na "regret". Alikuwa amepata "greater", akaifurahia kwa muda mfupi sana. Kilichomtia wazimu hasa ni "rectangle". Ilikuwa pale pale, imekaa sawasawa, ila ilihitaji L na yeye mkononi alikuwa na R ya pili isiyo na kazi. Aliiweka pembeni, akaijaribu tena, akaiweka pembeni, kama mtu anayejaribu ufunguo wa jirani kwenye mlango wake akijua kabisa si wenyewe.

"Baba," aliita kuelekea barazani. "Hili la leo ni jina la kitu?"

"Tafuta," mzee alijibu bila kugeuka.

"Nimetafuta."

"Basi tafuta vizuri."

Mama mkwe alitoka jikoni na kitambaa cha kufutia vyombo begani. Alitazama trei jinsi watu wanavyotazama injini ya gari la mtu mwingine.

"Bado tu?"

"Bado, Mama."

"Mimi Kiingereza changu ni maneno matatu, na mawili ni majina ya dawa zake za presha. Jaribu hayo."

"Hayaingii."

"Hata yeye hayamwingii. Jana kameza mara mbili, akabisha kwamba hajameza hata mara moja." Alifuta meza mahali palipokuwa pakavu. "Muulize leo amekunywa chai na nini. Muulize tu, usimwambie nimekutuma."

Mkwe hakuuliza. Alilichukulia jambo hilo kama mzaha wa kawaida kati ya watu walioishi pamoja muda mrefu, akarudi kwenye vibao vyake.

Kwa kawaida fumbo likimkataa hucheka, akaenda kuoga, akarudi na jibu. Leo hakuwa na nafasi ya kucheka, na neno "nafasi" lilikuwa na mwenyewe. Mhariri wa kurasa za burudani aliitwa Bwana Nafasi kwa sababu hakumaliza sentensi bila kulalamika kwamba haipo. Majuma mawili nyuma, mzee alitunga fumbo lilelile alilokuwa ametunga siku tatu kabla yake, neno lilelile, na mpimaji, aliyekuwa na homa siku ile ya kwanza na kulipitisha kwa macho nusu, hakulitambua. Wasomaji walilitambua. Simu zililia asubuhi nzima. Bwana Nafasi alimsimamisha kwenye ujia, akasema kwa upole uliotisha kuliko ukali: "Dada, mimi Kamusi namheshimu. Lakini likitokea jingine naweka programu ya kompyuta. Inatunga mafumbo mia ukipepesa macho, haiumwi, wala haina mkwe wa kuitetea."

Hilo hakumwambia mzee. Aliona kwamba mtu asiyekuwa na kazi nyingine duniani hana haja ya kujua kwamba kazi yake inaning'inia kwa uzi. Kwa hiyo aliyekaa roho juu ni yeye peke yake, na ukurasa ulikuwa unafungwa saa nane mchana.

Saa nne simu ililia.

"Dada, naona kisanduku cheupe kwenye ukurasa wangu," alisema Bwana Nafasi.

"Linakuja."

"Linakuja limefika wapi?"

"Linapimwa."

"Kulipima huko kunachukua nafasi ya kulipanga."

"Bwana mhariri, saa nane ni saa nane."

"Na kisanduku ni kisanduku," alisema, akakata.

Alichukua trei akaenda nayo barazani. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kamba na sweta la kijivu ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Lilikuwa refu mikono, na kwa miaka mingi alikuwa akiikunja mara mbili hadi mikunjo ikawa kama bangili nene. Alikuwa anasoma gazeti la jana kwa kioo cha kukuzia.

"Baba, naomba niseme ukweli. Limenishinda."

"Halijakushinda. Umekata tamaa. Hayo ni mambo mawili."

"Naomba herufi ya kwanza tu."

"Mpimaji hapewi jibu."

"Herufi moja si jibu."

"Mwizi naye huanza na kijiko." Alikunja gazeti. "Umetenga irabu?"

"Nimetenga."

"Umetazama mikia?"

"Nimetazama. Mkia wa E-R nimeujaribu, wa A-N-T nimeujaribu, wa E-N-T nimeujaribu. Baba, kama R moja ingekuwa L ningekupa 'rectangle' sasa hivi."

"Lakini si L."

"Je, tukiiweka L? Fumbo litakuwa zuri tu."

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Litakuwa zuri, na litakuwa lako. Chini yake kuna jina langu. Na kesho nikilifungua gazeti nikakuta L mahali pa R, watu watasema nini? Kamusi kazeeka, sasa anachanganya R na L kama watoto wa darasa la kwanza. Tafuta, mwanangu."

Alirudi ndani akiuma meno. Kuna aina ya hasira ambayo mkwe haruhusiwi kuionyesha kwa baba wa mumewe, kwa hiyo huitumia kwenye vitu. Alikisogeza kiti kwa kishindo. Akafungua dirisha ambalo halikuwa na haja ya kufunguliwa. Kisha, baada ya kuvirudia vibao hadi saa saba, akafanya jambo ambalo tangu aanze kupima hakuwahi kulifanya: akaingia bafuni, akafunga kitasa, akafungua kwenye simu tovuti ya kutafutia maneno. Unaandika herufi ulizonazo, nayo inakupa kila neno la Kiingereza linalotoka humo, refu kwanza. Kwa mtu wa kazi yake ilikuwa aibu, kama fundi wa saa kuwauliza wapita njia ni saa ngapi. Aliandika herufi zote tisa na kubonyeza.

Juu kabisa kulikuwa na neno la herufi nane ambalo hakuwahi kukutana nalo, "recreant". Chini yake yakafuata ya herufi saba, ya sita, msururu mrefu. La herufi tisa halikuwepo. Alifuta, akaandika upya kwa uangalifu, herufi baada ya herufi. Halikuwepo. Alijaribu tovuti ya pili. Jibu lilikuwa lilelile.

Alikaa kwenye ukingo wa hodhi la kuogea. Kwa saa kadhaa alikuwa ametafuta kitu ambacho hakipo, na mtu aliyemtuma alikuwa ameketi barazani akisema tafuta vizuri. Jambo la kwanza alilohisi, na hili halina haja ya kupambwa, halikuwa huruma. Ilikuwa ghadhabu. Jambo la pili lilikuwa hesabu: saa saba na robo. Angeweza kupeleka "rectangle" sasa hivi na kumwachia mzee aseme atakavyo kesho. Aliandika zile herufi zenye L kwenye ujumbe wa Bwana Nafasi, akazivuruga, akakiweka kidole karibu na kitufe cha kutuma. Akakitoa. Mzee hulifungua gazeti kila asubuhi kwenye ukurasa ule kabla ya mwingine wowote. Angeiona L kabla hajavaa viatu, na angejua mpimaji wake amemwona hafai. Ujumbe aliufuta.

Barazani alisimama mbele ya kiti cha kamba. Hakuketi.

"Baba, hakuna neno."

"Lipo."

"Halipo. Nimetazama kwenye mashine. Mbili."

Huko jikoni mama mkwe aliacha kuosha vyombo. Maji ya bomba yalisikika yakitiririka peke yake, kisha yakafungwa.

"Umetazama kwenye mashine," alisema mzee.

"Ndiyo. Na nisingetazama ningekuwa bado natafuta hadi jioni."

"Mashine haijui kila kitu."

"Basi niambie wewe. Sheria nimeivunja tayari, imeshavunjika, haiwezi kuvunjika zaidi. Niambie neno nilipeleke, maana saa nane wanafunga, na hili likikosa kwenda, halitatoka tena. Bwana Nafasi anaweka programu. Kaniambia majuma mawili yaliyopita, nami nimelimeza peke yangu."

Hakukusudia kusema yote hayo. Yalitoka kama gunia lililopasuka mshono. Mzee alikiweka kioo cha kukuzia juu ya gazeti. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe trei."

Aliiweka magotini. Akaitazama, midomo ikicheza bila sauti. Kisha kwa ncha ya kidole akaitoa A akaiweka kushoto. Akaitoa E akaiweka kando ya A. Akaitafuta E ya pili, akaipata, akaiweka nayo hapo.

Mkwe alikitazama kidole kile. Alikuwa anatenga irabu.

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya mtu anayetafuta. Mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha, na aliwafundisha watoto wa shule vizazi kwa vizazi: tenga irabu, halafu tazama mikia. Mtu anayelijua neno hatengi kitu. Huchukua herufi ya kwanza, akachukua ya pili, akaenda moja kwa moja hadi mwisho. Mzee alikuwa amefika kwenye mikia sasa. Aliijaribu E-R, kama alivyoijaribu yeye. Aliijaribu A-N-T.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mikono imelowa.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Unajua."

Mzee hakuinua kichwa. "Nilikuwa nalo," alisema. "Nililiandika mezani, nikalisoma. Neno la kawaida kabisa, hata mtoto analijua. Nikavuruga. Nilipomaliza kuvipanga kwenye trei, halikuwepo." Aligusa kichwa kidogo, juu ya sikio. "Nikasema mkwe wangu atalipata asubuhi, nami nitalijua kwake. Mara nyingine ndivyo inavyokuwa."

"Mara ngapi?" aliuliza mkwe.

Mzee alifikiri. Alikuwa mtu wa kujibu swali alilouliza mwenzake, si jingine. "Mwezi huu, zaidi ya nusu."

Kulikuwa na mambo mengi ya kusema hapo na yote yangeweza kungoja, ila ukurasa. Mkwe alijua kusahihisha. Kosa likionekana huulizi nani wa kulaumiwa, unauliza limeingilia wapi. Mzee alikuwa amelisahau neno, sawa. Lakini kusahau neno hakubadilishi herufi. Kama aliliandika mezani kwa vibao tisa, vibao vilevile vilipaswa kuwa kwenye trei, na neno lilipaswa kupatikana.

"Baba, twende mezani. Naomba unionyeshe ulivyofanya jana."

"Nimekwambia silikumbuki."

"Sitaki neno. Nataka mikono."

Waliketi kwenye meza ya kulia. Alimmwagia vibao mezani na kuvipanga mstari, mzee akaweka kiganja juu na kuanza kuvivuruga kwa mizunguko mipana, mkunjo mlegevu wa sweta ukijiburura nyuma ya kiganja kama pazia. Kisha akaokota. Kimoja, kingine, kingine, hadi vijumba vinane vikajaa. Cha tisa kikabaki wazi, na mezani hapakuwa na kibao. Mzee, bila kusita, akatia mkono kwenye mfuko wa vibao uliokuwa kando, akatoa kibao, akakitia kwenye pengo. Ilikuwa H.

"Subiri," alisema mkwe. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Mfukoni. Kulikuwa na pengo."

"Na jana kulikuwa na pengo?"

"Huenda. Kibao kikipungua ina maana kimerudi mfukoni."

"Ukatoa kipi?"

"Kilichokuja. Ningejuaje ni kipi, na neno lenyewe limeshaondoka?"

Mama mkwe alikuwa ameshaelewa kabla yao. Alimshika mumewe kifundo cha mkono wa kulia, kama anavyoshikwa mtoto anayekataa kunawa, akaukunjua mkunjo wa sweta. Kikaanguka kibao kimoja, N, cha sasa hivi. Akaukunjua mkunjo wa pili. Kikaanguka kingine, kikazunguka mezani na kulala uso juu.

Kilikuwa P.

"Na mimi naambiwa nafua hovyo," alisema mama mkwe. "Mtu anatembea na alfabeti mkononi."

Mkwe aliitoa H, akairudisha N. Akaitoa G, iliyokuwa kwenye kijumba cha tisa asubuhi kabla hajazipanga kwa alfabeti. Akaiweka P mahali pake. Saa ya ukutani ilikuwa saba na dakika arobaini. Simu ilianza kutetemeka mezani, na kwenye kioo chake palisomeka jina la Bwana Nafasi. Aliigeuza kifudifudi.

Mzee alikuwa amekwisha kutenga irabu. Aliijaribu E-R mwishoni, akaiacha hapo. Mkwe alilipata wakati huo. Lilimjia zima, kwa mkupuo, kama yanavyokuja yote. Alifunga mdomo. Alimtazama mzee akisogeza T mbele ya E-R, akiiondoa, akiirudisha. Alisogeza P, akaiweka mwanzoni, mahali pasipo pake. Simu ilinyamaza, ikaanza tena. Alingoja kadiri alivyoweza kungoja, na haikuwa muda mrefu.

"Carpenter," alisema.

Mzee alizitazama herufi. Alizipanga kwa mfuatano huo, taratibu, hadi neno likasimama.

"Ndiyo," alisema.

Kama alikuwa amelikumbuka au alikuwa anakubali tu kwamba linaingia, mkwe hakuweza kujua, wala hakuuliza. Alizivuruga herufi kwenye simu yake, akazituma, na jibu chini yake.

Bwana Nafasi alipiga mara moja. "Dada, dakika kumi. Unataka nife na presha?"

"Umelipata?"

"Nimelipata. Hili ni la Kamusi au la kwako?"

Alimtazama mzee aliyekuwa anairudisha G mfukoni. "La Kamusi," alisema.

"Haya. Lakini lile nililosema ujiani bado nalisema."

"Nimesikia."

Alikwenda zamu yake kama kawaida. Aliporudi wote walikuwa wamelala, na sweta la kijivu lilikuwa kwenye kiti cha mama mkwe, mikunjo imekatwa, ncha za mikono zimeshonwa kwa uzi mweusi usiofanana na rangi yake.

Asubuhi iliyofuata gazeti lilikuwa limefunguliwa kwenye ukurasa wa mafumbo. Herufi zilikuwa zilezile alizotuma. Trei, kwa mara ya kwanza saa kama hiyo, ilikuwa tupu. Mzee alikuwa ameketi mezani na sweta lake lililofupishwa mikono, vibao tisa vimepangwa mstari mbele yake, kiganja kimewekwa kando.

"Njoo," alisema. "Kabla sijavuruga. Soma."

Mkwe alisimama nyuma ya bega lake, akalisoma neno. Akalisoma mara ya pili ili asilisahau.

"Umeliona?"

"Nimeliona, Baba."

Mzee akaweka kiganja juu ya vibao, akavivuruga.